Safari Isiyo ya Lazima

Jumatano, 8 Aprili. Ibra.

Soko la wanawake asubuhi, kama kila Jumatano. Dada Zuhura alifika kutoka Sur, mbali huko pwani, kabla jua halijawa kali, mwanawe Salim akiendesha. Salim aliniamkia kutoka dirishani, kisha akaenda kungoja kwenye kivuli cha msikiti, maana wanaume hawaingii. Dada alinusa ubani wa kila muuzaji, akanunua kwa yule yule anayenunua kwake siku zote. Mie nilibeba mfuko.

Chakula cha mchana kwangu. Alileta papa mkavu. Alisema nyumba yangu inanuka vitabu. Akataka nifungue kopo la halua lililokaa kabatini tangu Idi. Nikamwambia ni la wageni. Akasema kumbe yeye ni samani.

Waliondoka baada ya alasiri. Kiswahili nacho kiliondoka nao hadi Jumatano ijayo. Majirani zangu wanakijua nusu, watoto wao wanajua Kiarabu tu.

Ijumaa, 10 Aprili.

Bei ya petroli imepanda tena, na mkoa huu wenye barabara ndefu unanung'unika. Habari zote ni za akiba: nchi kubwa zinazonunua mafuta zinabishana iwapo zifungue maghala yao ya dharura ili bei ishuke. Hapa watu wanauliza nasi tungefanya nini. Redio moja imenialika kwenye mjadala, Nizwa, Jumatatu. Wamekumbuka kwamba nilifundisha uchumi wa nishati. Nimefurahi kuliko ilivyostahili. Ni muda mrefu sijaulizwa kitu.

Msimamo wangu. Akiba ya dharura huwekwa kwa ajili ya siku ambayo mafuta hayapatikani, si siku ambayo mafuta ni ghali. Ughali ni taarifa. Humwambia mtu apunguze. Anayefungua ghala ili kuificha taarifa hiyo atalikuta tupu siku ya msiba.

Udhaifu wake: hausemi ni nani mwenye haki ya kuamua lipi ni dharura. Nitahitaji mfano mzuri, ili udhaifu huo usionekane.

Jumatatu, 13 Aprili.

Nimerudi kutoka Nizwa. Mpinzani wangu alikuwa mwenye malori kutoka Bahla, mtu mcheshi asiye na mpangilio. Alisema ghala lisilofunguliwa ni kaburi lenye mlinzi. Alisema pia kwamba kwa anayekaa mbali, ghali na kukosekana ni kitu kimoja. Hili la pili lilikuwa na uzito. Nilijibu kwamba si kila safari ni ya hospitali. Nyingi zinaweza kuachwa na hakuna atakayedhurika.

Mtangazaji akaomba mfano wa safari isiyo ya lazima.

Nilitoa ninaoujua. Nilimtaja jamaa yangu, bila jina, anayeletwa kwa gari kutoka Sur hadi Ibra kila Jumatano ili anunue ubani, ilhali Sur ubani upo. Gari zima, kwenda na kurudi, kwa mfuko mmoja. Mfano ulieleweka mara moja. Walicheka, hata yule wa malori.

Nimeridhika. Niliendesha njia nzima nikiyarudia majibu yangu, na sikupata la kurekebisha.

Jumatano, 15 Aprili.

Hakuja.

Nilisimama kwenye lango la soko mpaka mlinzi akaniletea kiti. Kisha Salim akapiga simu. Alianza kwa shikamoo, akaniulizia afya yangu, akaniulizia gari langu. Halafu: "Mama anakusalimu, mama mdogo. Anasema safari si ya lazima." Aliyasema kwa adabu kamili. Ndiyo maana yaliuma.

Dada husikiliza redio tangu alfajiri mpaka isha. Hilo nilikuwa ninalijua miaka yote.

Muuza ubani aliniuliza yuko wapi mwenzangu, akitazama mizani yake, akijizuia kucheka. Kumbe hata bila jina, Ibra yote ilimjua.

Alkhamisi, 16 Aprili.

Nimempigia Dada. Alipokea mjukuu wake, akaniambia kwa Kiarabu kwamba bibi amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Dada hajapata kulala saa nne asubuhi tangu azaliwe.

Nimelipima jambo lenyewe. Sikumtaja jina. Sikusema uongo. Mfano ulihusu mafuta, haukuhusu mtu. Hoja haina ufa.

Nina hasira naye. Ana miaka zaidi ya sabini na anasusa kama msichana.

Jumapili, 19 Aprili.

Nimepiga tena. Amelala tena.

Jumatano, 22 Aprili.

Sikwenda sokoni.

Papa aliyebaki nimemla kwa wali, nimesimama, jikoni. Redio bado inazungumzia akiba. Waziri wa nchi moja ya mbali anasema wafungue. Mwengine anasema wakifungua leo, kesho watafungua kwa sababu ndogo zaidi. Huyo wa pili anasema maneno yangu, karibu neno kwa neno. Sikupata furaha yoyote kumsikia. Nikaizima.

Leo sikutamka neno la Kiswahili hata moja hadi magharibi. Nililigundua hilo nilipomwambia paka wa jirani, "Toka." Hakutoka. Yeye ni wa Kiarabu.

Niko peke yangu. Nimeliandika, sasa nalitazama. Ni kweli.

Alkhamisi, 23 Aprili.

Yule wa malori. Kwa anayekaa mbali, ghali na kukosekana ni kitu kimoja. Studioni nilimpita kwa wepesi. Hapa mezani, sina mtu wa kunicheka wala wa kunipigia makofi, na simpiti.

Kanuni yangu bado ni sahihi. Lakini kanuni huhitaji vitu vipangwe katika mafungu yake, na mimi niliiweka Jumatano katika fungu la ubani. Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo ningemrudishia.

Jumamosi, 25 Aprili. Sur.

Nimejaza tangi na nimekuja. Ninaandika nikiwa chumba cha wageni. Dada hakuniruhusu niendeshe usiku na macho yangu haya ya uzee.

Nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa mkono bila ya kuinuka. Salim akaleta kahawa. Dada akanimiminia mwenyewe, kama inavyopasa, bila kunitazama.

Nilikipokea kikombe, nikakiweka mkekani, sikunywa.

Hapa kila mtu anaijua maana yake. Mgeni asiyekunywa ana haja, na mwenye nyumba ataingia aibu asipomuuliza. Ni desturi ya wanaume, kwa mambo mazito: damu, posa, zamu za maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Katika umri wangu wote sikuwahi kuifanya. Ninadhani niliikusudia tangu njiani, ingawa nisingekubali kama ningeulizwa.

Dada alikitazama kikombe.

"Umekuwa sheikh wa kabila siku hizi?"

Salim akawa anaitazama dari. Moshi wa kahawa ukaisha. Dada akanyoosha ncha ya mkeka kwa mguu, akaikunja, akainyoosha tena. Mwisho ilimbidi.

"Haya. Haja yako nini?"

Nilikuwa na maelezo ya sehemu tatu, niliyoyapanga tangu nilipotoka Ibra. 

"Uje Jumatano," nikasema.

"Kuna nini Jumatano?"

"Hapana kitu."

"Petroli ghali, bibi mchumi."

"Najua."

Salim alitoka nje ghafla, akasema anakwenda kuangalia gari langu. Gari langu halikuwa na tatizo lolote. Dada akaimwaga kahawa iliyopoa, akakisuza kikombe, akamimina nyingine mpaka karibu na ukingo, kinyume cha adabu, maana kikombe hakijazwi. Akaniwekea mkononi.

"Kunywa."

Kwa desturi, neno hilo likishasemwa, haja imekubaliwa. Nilikunywa. Ilikuwa ya moto mno na nilikunywa yote.

Baadaye nililitoa kopo la halua mkobani. Alilisoma, akalitikisa. Akasema, afadhali, samani imepandishwa cheo. Tukalifungua. Juu ilikuwa imekauka na kuwa kama ngozi. Chini ilikuwa nzuri. Hakusema lolote kuhusu redio. Mimi nilisema, "Nilikosea, dada." Akaniambia nichukue kijiko kikubwa, hicho ni cha mtoto.

Jumatano, 29 Aprili. Ibra.

Alikuja.

Asubuhi ya joto. Vipande vya barafu kwenye maji ya wauzaji vimeyeyuka kabla ya adhuhuri. Dada alizunguka, akanusa kwa kila mmoja, akarudi kwa yule yule. Muuzaji alimkaribisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akaongeza kipande juu ya mizani. Hapana aliyetaja kitu.

Huko mbali bado hawajaamua juu ya maghala yao. Msimamo wangu juu ya hilo haujabadilika.

Tulipokuwa tunatoka nilimuuliza, kwa sababu nilitaka kujua, kama ubani wa Sur ni tofauti na huu. Akasema ni huo huo, tena Sur ni rahisi zaidi. Akanipa mfuko nibebe.