Mama Mkwe Alisubiri Siku Nzuri

Mbeya, Jumatano. Baridi ya mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mifupa, na koti nililovaa ni la kuazima. Tangu saa mbili asubuhi nipo kwenye benchi hospitalini, nje ya chumba cha kipimo cha kamera ya utumbo. Mama mkwe yuko ndani, na mke wangu Tumaini yuko naye.

Niandike ukweli wakati bado unaniuma.

Mimi ni mtu wa maabara. Mwaka wa kumi na nne huu napima vinyesi vya watu pale Iringa, sina kinyaa wala aibu. Lakini mama mkwe, muuza nyanya wa barabarani Ilula, ni mtu wa heshima za zamani. Hatuli meza moja. Tukikutana ni "Kamwene, baba," macho chini, amepita. Sasa mtu kama huyo unampa kikopo amwekee mkwewe choo?

Mimi nilimpa.

Ilikuwa mwezi wa nne. Tumaini alikuwa analalamika kwamba mama yake amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Nikajitia ujuaji: mpelekee kikopo, nitaangalia kama kuna damu iliyojificha. Kikopo kilikaa Ilula wiki tatu. Kikaja kimeviringishwa magazeti, chini kabisa ya ndoo ya nyanya, kama magendo. Nilicheka. Nikapima, damu haikuonekana. Nikampigia Tumaini simu: mama hana kitu.

Hana kitu! Nani alinituma niseme vile?

Kipimo kilisema tu kwamba kwenye kichembe kile cha choo, cha siku ile, damu haikuonekana. Uvimbe wa utumbo mpana hauvuji kila siku; leo unatoa damu, kesho umenyamaza. Hata ukivuja, damu inaweza kuwa upande mmoja wa choo na kijiti kikachota upande mwingine. Sampuli ikichelewa kwenye joto, damu yenyewe inaharibika. Haya nawafundisha wanafunzi wa mazoezi kila mwaka.

Tena kipimo kile ni cha mtu asiye na dalili. Anayekonda, anayeona damu, hapelekewi kikopo, anapelekwa kwenye kamera. Mgonjwa mwingine yeyote ningemuuliza: unaona damu chooni? Mama mkwe sikumuuliza. Ningeanzia wapi, jamani?

Wiki mbili zilizopita alianguka mbele ya meza yake ya nyanya. Damu mwilini ilikuwa imepungua sana, akaongezewa. Ndipo Tumaini alipombana, akasema. Damu alikuwa anaiona tangu Krismasi. Kikopo alikaa nacho akingoja siku ambayo haitoki.

"Nimpelekee mkwe wangu uchafu ule?" alimwambia mwanaye. "Nilisubiri siku nzuri."

Nami nikaipima hiyo siku nzuri.

Kwanza nilimkasirikia yeye. Mtu mzima, anaficha damu! Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi niliona aibu, na mimi ndiye niliyesomea.

Saa sita daktari ametoka. Uvimbe upo. Wamechukua kipande kikapimwe, lakini kwa alivyouona, ni saratani. Itabidi apigwe picha kujua kama imesambaa, ndipo wapange upasuaji. Tumaini amelia mpaka kwikwi.

Dawa ya usingizi ilipomwishia nimeenda mlangoni, nikaangalia sakafu kama kawaida yetu. Nimemwambia, "Mama, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

Amejigeuza, akaelekea ukutani.

"Haya, baba. Niulize sasa."

Nimevuta kiti. Nimemuuliza damu ilianza lini, ina rangi gani, tumbo linauma wapi, kwao kuna aliyewahi kuugua hivi. Amejibu yote, mgongo kwangu, sauti haitetemeki. Kumbe mama yake mzazi alikufa hivihivi.

Mazungumzo yote yamechukua dakika tano. Mwezi wa nne nilishindwaje?