Mgongo wa Mchezaji

Lewisham, Agosti 2005

Mama Plamedi,

Huku naendelea salama. Walter, yule mzee Mmarekani ninayemtunza, amenifundisha kushabikia besiboli. Jana tulibishana juu ya mchezaji aliyegunduliwa kutumia dawa za kuongeza nguvu.

"Ni mwizi," akasema. "Wamuuze kwa timu nyingine."

"Labda mgongo ulimuuma, mzee, na ana watoto wa kulisha."

Akanitazama. "Norbert, wewe unameza nini?"

Nikamwambia ni vidonge vya maumivu tu, nipate kuinua wagonjwa. Nilipomwinua kitandani, alijisukuma kwa mikono yake dhaifu, akitetemeka, ili asinilemee.

Wakumbatie watoto. Usimwambie mama yangu habari ya mgongo wangu.

Norbert wako