Meseji Alizonitunzia Mama

Jumapili, Mbalizi

Na mimi ndiye niliyeandika kwenye utafiti wangu kwamba wakulima wamefikiwa! Ukurasa mzima, kwa mbwembwe: meseji za simu zimeleta mapinduzi ya mawasiliano vijijini. Msimamizi wangu kule chuoni Iringa akaweka alama ya vyema.

Leo tulipotoka kanisani mama alinipa simu yake ya kitochi. Hajui kusoma. "Nisomee, mwanangu. Nimezitunza zote, sijafuta hata moja."

Meseji ya tatu ilimtaka akachukue mbolea ya ruzuku kabla ya Ijumaa. Ijumaa ya mwezi uliopita. Mahindi yake nimeyaona asubuhi, yamedumaa, majani ya njano.

Nikamkasirikia yeye, eti. "Mama, si ungempa jirani akusomee?"

"Nizunguke kwa watu na simu mkononi, wakati mwanangu anasomea mambo hayo hayo?"



Kinachoniuma zaidi, hata mama yumo kwenye utafiti wangu. Nilimpigia mwenyewe nikamuuliza swali la dodoso: umepokea ujumbe wowote wa kilimo kwenye simu? Akasema ndiyo. Nikaweka tiki, nikashukuru, nikakata. Kama aliuelewa, sikuuliza. Dodoso halikuwa na swali hilo, na dodoso nililitunga mimi.

Jumatano nakabidhi utafiti chuoni. Ule ukurasa nimeufungua mara mbili jioni hii nikaufunga. Nikiufuta huo, utafiti unabaki na nini?

Mama kaniuliza naandika nini. Nikamwambia mambo ya shule.

Akaenda kuzima redio, nisisumbuke.