Siku Tisa za Kuuguza Uso wa Mayu

Ilembo,
Mpanda, Katavi.
14 Juni 2025.

Mpendwa Ernestine, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi yako. U hali gani huko Mtwara? Mama yako Lucia aliniambia ulishikwa na mafua yasiyokwisha. Natumaini sasa unapumua kwa pua zote mbili. Huku kiangazi kimeshika. Vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, na asubuhi baridi inatuchelewesha kitandani. Mimi ni mzima wa mwili. Babu yako naye anakula, anatembea, na bado anagombana na kuku.

Ujumbe wako niliupata. Unataka kujua ukiondolewa vinundu usoni kwa kalamu ya plasma utarajie nini, maana sendofu yako ya kuagwa ni Septemba na hutaki kupigwa picha ukiwa navyo. Nimeona nikuandikie kwa mkono. Simu yangu ukiongea unasikika hadi kwa jirani Josefina, na yapo mambo humu ambayo sitaki babu yako anisikie nikiyasema. Isome ukiwa umekaa.

Wewe unavyo vichache, tena mashavuni tu. Mimi vilinijaa kuanzia chini ya macho hadi shingoni, vyeusi na vidogo, kama mtu kaninyunyizia ulezi. Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe dukani kwangu nimpime sketi ya shule. Yule mtoto akachukua kipande cha kitambaa akaanza kunipepea, ananifukuzia nzi. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea kumpima kiuno huku moyo unaniuma.

Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ipo nyingine. Unajua kwamba jina langu, Ngolo, ni la bibi yangu, mama yake babu yako. Kwa desturi yetu Wasukuma mtoto aliyerithi jina huitwa kama mwenye jina, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga baba ananiita mayu, yaani mama. Ulikuwa utani mtamu wa nyumbani. Nilipofika miaka thelathini vinundu vikatoka palepale alipokuwa navyo bibi, na baba akaniangalia akalia. Kisha miaka miwili hii akili yake ilipoanza kuchoka, utani ukaisha. Mzee wa miaka themanini na ushei anakuja asubuhi ameinamisha kichwa, ananiamkia, "Mwangaluka, mayu," anasubiri nimruhusu akae. Nina miaka arobaini na mitatu, na baba yangu alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nilichoka kutembea na uso wa marehemu, nasema kweli.

Huenda baba yako hakukusimulia habari ya bibi huyo, maana haisemwi hapa. Baba alipohama Maswa na ng'ombe kuja huku, mama yake alikataa kuondoka. Baba akaahidi kumfuata baada ya mavuno. Ng'ombe wakaingiwa na ugonjwa wa ndigana, mvua ikakata njia, mwaka ukazaa mwaka. Habari ilipomfikia, mama yake alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma. Mimi nilizaliwa mwaka huohuo, nikapewa jina.

Sasa nikujibu ulichouliza. Mimi nilifanyiwa hapahapa Mpanda, mtaa wa Shanwe, kwa dada mmoja anaitwa Queen. Amesomea kazi hiyo na hakunidanganya hata neno moja. Nawe mtafute wa namna hiyo, anayekuambia mabaya kabla ya mazuri. Ile kalamu haigusi ngozi. Inarusha cheche ndogo, na kinundu kinakauka palepale. Alinipaka dawa ya ganzi nikakaa nusu saa. Lakini ganzi haizuii pua: utasikia harufu ya nywele zinazoungua, ujue ni wewe.

Siku ya kwanza uso unawaka kama umepakwa pilipili. Siku ya pili unavimba, na kama umefanyiwa karibu na macho, utaitazama dunia kwa upenyo mdogo. Usiogope, uvimbe unapungua wenyewe. Lala chali, kichwa juu ya mito miwili.

Kisha vinakuja vigaga. Kila mahali cheche ilipopita panafunga kigaga cheusi, cheusi kuliko kinundu chenyewe. Kwa hiyo kabla hujawa mzuri utakuwa mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi wanajiharibu. Usibandue. Vitawasha mpaka utatamani ukucha, lakini ukibandua kimoja tu umejichora alama ya maisha. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa safi kwa kugandamiza, usisugue. Jua lisikuguse, wala mvuke wa chungu. Mimi hata pasi ya mkaa niliiacha, sare za watu zikalala na mikunjo. Josefina, Mungu ambariki, aliniletea asali mbichi ya porini, akaapa kwamba Wakonongo, wenyeji wa huku, wameponea hiyo tangu enzi. Nikamshukuru, nikainywea chai. Usoni nilipaka marhamu aliyonipa Queen, basi. Ukiona usaha au homa, kimbia hospitali, usisubiri ushauri wa shangazi.

Hayo ndiyo ya mwili. Mengine Queen hakuyajua, kwa hiyo hakuweza kunionya.

Baba nilikuwa nimemwambia ninaumwa, nikajifungia chumbani na pazia. Siku ya tatu alilifunua. Aliponiona na vile vigaga vimejaa, vikubwa na vyeusi, alipiga magoti mlangoni. Kwake yeye mama yake alikuwa amezidi kurudi. Kuanzia siku hiyo alileta kigoda akakaa hapo kutwa, ananilinda, ananihadithia habari za Maswa. Ananiuliza fulani yu mzima? Fulani je, alipona mguu? Watu waliokufa kabla sijazaliwa. Najibu wazima, wazima. Nikaanza kuwajua wafu kwa majina na kwa maradhi yao.

Siku ya sita aliniuliza kwa nini nilikataa kuondoka naye. Nilikuwa na homa kidogo, uso unawasha, sikufikiri. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilikuwa nakusubiri urudi." Ernestine, sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sikukusudia kusema hivyo. Baba alijifunika uso kwa viganja, hakuuliza tena, na mimi nikakaa nimeshika shuka kwa hofu ya kile ningeweza kusema baadaye.

Siku ya saba vigaga vikaanza kuanguka vyenyewe. Unaamka unavikuta kwenye mto. Nilikuwa navikusanya kwenye karatasi, na siku ya tisa vilipokwisha nikaenda kuvichoma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, pamoja na maganda ya viazi na vipande vya vitambaa. Nikajitazama kwenye kioo. Ngozi ilikuwa laini, madoa ya rangi ya udongo mwekundu mahali vilipokuwa. Nilikuwa mzuri, na sisemi kwa majivuno. Lakini nilipotaka kucheka, yule wa kwenye kioo nilimwonea haya kama mgeni niliyemkuta chumbani kwangu.

Nikatoka hadi sebuleni. Baba akasimama kwa heshima, akasema karibu mgeni. Akapita pembeni yangu, akafunua pazia, akatazama kitandani, akatazama nyuma ya mlango. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nyie mmemzika wapi?"

Nikamwambia baba, ni mimi Ngolo. Akasema Ngolo namjua, nimekaa naye siku zote hizi hapo mlangoni. Nilipokwenda choo mara moja, mkamtoa. Mmenificha tena. Mara mbili mmemzika mama yangu mimi sipo.

Alichukua wembe akajinyoa mwenyewe, kama anyoavyo aliyefiwa, akajikatakata utosini. Akakataa kula. Siku ya kwanza nilidhani itapita. Siku ya pili nilimpigia baba yako Ngusa, akaongea naye kwa simu hadi salio likaisha. Baba akajibu, wewe Ngusa, nawe walikuficha? Siku ya tatu midomo ilikuwa imepasuka na hakunywa hata uji. Nikaelewa kwamba mzee huyu ataondoka mikononi mwangu, na nitakuwa nimemuua kwa ajili ya mashavu.

Basi nikafanya ujinga. Nilichukua wanja nikajichora vinundu, kimoja kimoja, kama nilivyovikumbuka. Nikaenda na bakuli la uji, nikasema, mwanangu, kula. Baba aliniangalia. Kisha akanyoosha kidole gumba akakifuta kimoja, hapa kwenye shavu la kushoto, juu ya ngozi mbichi. Akasema, "Usimwigize marehemu." Palipofutwa pamebaki doa jeusi hadi leo. Queen alipoliona aliniuliza kama nilipaka kitu, nikamwambia hapana. Kwa hiyo nikikuambia usijipake chochote mpaka ngozi ifunge, najua ninachosema.

Na vigaga vikianguka usidhani umemaliza. Ngozi yetu nyeusi ina kinyongo: ikikasirishwa na jua inaweka doa, au inaparara ikawa nyeupe, miezi mitatu hata sita. Paka losheni ya kukinga jua kila siku, vaa kofia pana, jifunike kanga. Kwa hiyo kama sendofu ni Septemba, huu mwezi Juni ndio mwisho wako wa kufanya. Ukifanya Agosti utaingia ukumbini una madoa. Na ufanye jaribio sehemu ndogo kwanza, nyuma ya sikio, uone ngozi yako inasema nini.

Sasa nimalizie. Siku ya nne baba amekataa kula, nilikosa la kufanya. Nikamshika baba mkono, nikamtoa nje, nikampeleka nyuma ya nyumba hadi kwenye shimo. Nikamwambia, baba, ni hapa. Sikusema uongo, Ernestine. Nimelifikiria sana, na sikusema uongo. Majivu yalikuwa hapo, mvua hakuna, upepo haukuwa umeyachukua yote.

Alivua kandambili. Akainama kwa tabu, nikimshika kiuno, akachota udongo kwa kiganja, akautupa shimoni juu ya majivu na maganda ya viazi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayefika kwenye kikao:

"Mayu, leo nimewahi."

Tukasimama. Josefina alikuwa anaanika mihogo upande wake wa ua. Alituona, akaacha kazi, akafunga kanga kichwani na kusimama nasi bila kuuliza nani kafa. Baadaye baba akageuka akanitazama usoni kama ananitazama mara ya kwanza, akasema, "Mwanangu, twende ndani, jua litakuunguza."

Neno hilo nililitaka tangu nikiwa mtoto. Nilipolipata nililia kama niliyefiwa, na baba ndiye aliyenifariji.

Jioni ile alikula ugali wote na mlenda. Tangu hapo hajaniita mayu. Asubuhi mimi ndiye ninayemwamkia, shikamoo baba, naye ananiitikia vizuri, marahaba mwanangu. Lakini kabla sijafungua mdomo kuna kitambo kidogo tunatazamana, mimi na yeye, kila mmoja anasubiri mtu mwingine atangulie kusema.

Sikukatazi. Uso ni wako, na mchumba wako Deogratias anakuoa wewe. Ila kabla hujalala kwenye kile kiti, jiulize ni nani huwa anamwona mtu mwingine akikutazama wewe, ukamuage kwanza.

Wasalimie baba yako Ngusa na mama yako Lucia. Mwambie kaka kipara cha baba kimeanza kuota nywele. Deogratias mwambie namtazama kwa jicho moja, la pili nitalifungua akileta mahari. Babu yako anakusalimu. Josefina naye anakutumia chupa ya asali, ya chai.

Mungu akulinde, akufikishe salama siku yako, na akuachie wazee wako wakuone.

Wako akupendaye na asiyechoka kukuwaza,
shangazi yako,

Ngolo Machibya.