Kope Lililongojewa Jandoni

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba. Huku Baleni hatujambo. Bibi yako yuko kwenye mihogo, na amenikataza nisikuandikie nikiwa na hasira. Nimeshindwa. Hii ni mara ya tatu unaniuliza kama upasuaji wa kope la mwanao usubiri, eti kwa kuwa mama mkwe wako anasema litapanda lenyewe.

Nami nilizaliwa na kope lililolegea hivyo hivyo, limefunika jicho. Wazee walisema litafunguka nikienda jandoni. Siku tuliyotoka, wanawake waliacha vigelegele wakaja kunichungulia usoni. Shangazi yangu akaliinua kope kwa kidole, likaanguka.

"Basi," akasema, "ngojeni aoe."

Nikaoa. Bibi yako anasema alidhani namkonyeza.

Nilikuwa mwalimu, mtu mzima, nilipopasuliwa Dar es Salaam. Kope likapanda vizuri. Daktari akaliziba jicho langu jingine, akauliza, "Vidole vingapi?" Niliona mwanga tu. Akanieleza kwamba jicho likifunikwa utotoni, ubongo haujifunzi kulitumia, na ukubwani ni vigumu mno kuufundisha. Jicho lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote, Rukia. Tulilingojesha tu.

Daktari wenu amesema mapema. Mpeleke mtoto wiki hii. Mama mkwe wako akinuna, mwambie anipigie simu. Nitamsikiliza mpaka amalize, mtoto akiwa tayari wodini.

Babu yako anayekupenda