Kiboko wa Simiyu na Pikipiki ya Kijani

Ilemela, Mwanza
27 Agosti 1995

Kwa mdogo wangu Teodora,
Nansio, Ukerewe.

Teodora mdogo wangu, hujambo? Mimi kaka yako sijambo, nakula, nalala, napiga chafya. Zamani ningekuletea salamu nyingi kama furu wa ziwani, lakini furu wenyewe sangara kawamaliza, basi pokea salamu nyingi kama haya magugu maji yanayofunga mitumbwi huku kwetu. Hayo hayaishi hata ukiyafyeka. Kiuno chako kinasemaje? Na yule jogoo wako anayegombana na wageni bado yuko, au mmeshamla bila kuniita? Jibu la hilo nalitaka, maana nina shaka nalo.

Mwandiko usikushangaze. Haya ni maandishi ya kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu alisema darasa zima hakuna mwenye herufi zenye nguvu kama zangu. Kalamu yangu ilikuwa inatoboa mpaka ukurasa wa tatu.

Sasa habari yenyewe. Ulimtuma binti yako Odeta kwangu na barua. Ukasema umeuza ng'ombe wawili aliowaacha marehemu shemeji ili mtoto anunuliwe pikipiki ya kupita njia mbaya, kwa sababu mradi wa chanjo umekubali kumwajiri huko kisiwani, ila lazima awe na pikipiki yake na awe anajua kuiendesha ifikapo tarehe mosi mwezi wa tisa. Asipokuwa nayo, kazi anapewa mwingine. Ukaandika kwamba wewe hujui pikipiki wala wauzaji, unachojua ni kaka yako tu, basi nimchagulie kama ile niliyopanda mimi zamani, ile ya Simiyu. Teodora, maneno hayo niliyasoma mara nne. Mara tatu niliyasoma kwa raha. Mara ya nne nitakwambia mbele.

Nikamchukua Odeta mpaka Kirumba kwenye banda la pikipiki za mtumba. Si unakumbuka zamani hata tairi ya baiskeli uliandikiwa kibali? Sasa mambo ni ruksa, pikipiki kutoka Ujapani zimepangwa kama viazi vya mnadani. Mimi kitu kikiwa kingi nakitilia shaka.

Mwenye banda anaitwa Abdillah, mzee wa rika langu, tumbo kubwa, ndevu kazipaka hina. Kwa rika letu shikamoo haikuwepo, tukapeana mkono tu. Lakini mkono wangu aliushika muda mrefu mno. Akanitazama usoni, akautazama huu mguu wangu unaochechemea, halafu akatazama juu kama mtu anayekagua bati. Nikasema moyoni, huyu ameshaniona kizee cha kuibiwa. Nikaushika mfuko wangu wa ndani kwa mkono mwingine.

Zilizofaa njia za kwenu zilikuwa mbili. Ya kwanza nyekundu, ndefu, madigadi ya mbele yameinuka kama pua ya mtu mwenye dharau, tairi zina meno kama mamba, kiti kinanifika kitovuni. Ya pili kijani, fupi, kiti kiko chini, injini ndogo, nyuma ina keria pana ya kufungia sanduku la dawa. Odeta ya kijani hata hakuipa jicho. Alikwenda moja kwa moja akaishika ile nyekundu usukani, akamwambia Abdillah, mafundi wote wakisikia, kwamba mjomba wake huyu alikuwa tarishi wa kinu cha pamba mwaka mmoja baada ya uhuru, na alikuwa na pikipiki ndefu kama hii hii, na alimgonga kiboko kwenye mto Simiyu, kiboko akafa palepale, mjomba akavunjika mguu tu, na kwa mguu huo huo akaendesha mpaka hospitali.

Hadithi hiyo unajua ninavyoisimulia. Siku nikiwa nimeshiba viboko huwa wawili. Nikakohoa kidogo kwa heshima. Mafundi wakasema duh, mzee! Abdillah peke yake hakusema duh. Aliuliza tu kama kiboko alikuwa dume au jike. Sasa hilo ni swali gani? Nikamjibu dume. Akasema ahaa, akaenda kuinama kwenye ndoo ya maji, mabega yanamtikisika. Nikadhani ana kikohozi.

Halafu kikaja kituko. Yule bwana, badala ya kutuuzia nyekundu yenye bei kubwa, akaanza kuisifu ya kijani. Akasema kwa mtu anayeanza hiyo ndiyo yake: nyepesi, ikilala chini binti anaiinua mwenyewe bila kuita watu, klachi laini, injini haimrukii mtu. Akasema kwenye mchanga wa Bukindo na mawe ya Kagunguli huko kisiwani kwenu nguvu nyingi humtupa mgeni, wepesi ndio humvusha. Teodora, mimi nimeuza dagaa miaka kumi na miwili. Sijaona muuzaji anayemtoa mteja kwenye cha bei kubwa akampeleka kwenye cha bei ndogo. Nikajua hapa kuna maiti imefukiwa.

Nikaikagua ile ya kijani kama askari anavyokagua gunia la magendo. Nikanusa oili. Nikagonga tangi. Nikapitisha kidole kwenye ekzosi nikalamba, ladha ikawa mbaya, ila sikujua inatakiwa iwe nzuri kiasi gani. Mara chini ya keria nikamkuta konokono mdogo, mkavu. Weee! Nikapaza sauti kwamba pikipiki hii ilizama ziwani, ikaopolewa na nyavu, ikapakwa rangi! Hata waliokuwa wanapita njiani walisimama. Abdillah akasema taratibu kwamba pikipiki zote huoshewa ufukweni, akaniomba nitazame na ile nyekundu. Nikatazama. Ilikuwa na konokono watatu.

Kesho yake nikarudi na Odeta pamoja na Mihayo, jirani yangu fundi baiskeli. Mihayo akaweka bisibisi sikioni, akaisikiliza injini ya kijani kafumba macho, akasema ni nzima kama mtoto aliyeshiba. Ningemwamini, ila nilimkuta anakunywa soda ya Abdillah. Nikamwambia hiyo ni rushwa. Akasema mbona na wewe, Ndalahwa, unayo mkononi? Kweli nilikuwa nayo, lakini mimi yangu nilikuwa naichunguza.

Odeta akachoka na uchunguzi wangu. Akasema mama kasema kama ya mjomba, na kama ya mjomba ni nyekundu, basi. Akajifunga khanga vizuri juu ya suruali, akarukia kiti cha nyekundu. Hapo ndipo raha yangu iliponitoka. Nilitazama miguu yake. Ilikuwa inaning'inia. Huku alifika kwa ncha ya kidole gumba, huku hakufika kabisa. Pikipiki ikainama upande wa hewa, pole pole kama mti uliokwisha kukatwa, na mtoto anachezesha mguu kutafuta ardhi. Mimi na Abdillah tuliidaka pamoja, na nilipomtazama alikuwa ametoka jasho kuliko mimi.

Odeta akacheka tu. Halafu akaniambia, mjomba, na wewe ni mfupi kuliko mimi, uliwezaje? Hebu panda utuonyeshe.

Mafundi wote wakanigeukia. Nikasema leo mguu unavuta, halafu sijala, halafu ni Ijumaa. Odeta akauliza Ijumaa ina nini na sisi Wakristo. Nikasema tunawaheshimu wenye banda. Akanitazama kwa jicho lile lako, Teodora, lile ulilokuwa unanitazamia mama akihesabu vipande vya nyama. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilikwenda kugombana. Nikamwambia Abdillah anieleze kwa nini hataki kutuuzia nyekundu, na kwa nini kila mara anautazama mguu wangu kama yeye ndiye aliyeuumba. Akawatuma mafundi wake chai. Akavuta boksi akakaa, akaniuliza kwa upole, Ndalahwa, yule kiboko alikuwa wa rangi gani? Maana mimi nilikuwepo, sikumwona.

Mdogo wangu, sasa kaa chini. Kama unasoma umesimama, kaa.

Hakuna kiboko. Kiboko wa watu nimemsingizia miaka thelathini na mitatu. Wala utarishi sikuwahi kuupata, nilikuwa mpakia marobota ya pamba pale kinuni. Pikipiki ilikuwa ya karani mkuu, ndefu, na aliyekuwa akiiosha ni kijana mwembamba kama ufito, hana tumbo wala hina. Ndiye Abdillah huyu. Karani alipokwenda kula, nikasema mbele ya wapakiaji wenzangu kwamba pikipiki kwangu ni kama baiskeli. Abdillah akanitania, we Msukuma mzima unaogopa chuma? Akanishikia usukani nikapanda, akapiga kiki, akaachia. Nilikwenda hatua nne, Teodora. Wala si tano. Ilipoanza kuinama nikatafuta ardhi kwa mguu, ardhi sikuiona. Ikanilalia, na mfupa wangu niliusikia kabla sijayasikia maumivu.

Kazi nikaipoteza siku ile ile. Mlinipokea kwenye lori na hogo la plasta mguuni, wewe ulikuwa msichana, mama akauliza imekuwaje. Nikaona nikisema nimeangushwa na pikipiki uani, hatua nne, nitachekwa mpaka Magu. Kiboko akanijia mdomoni mwenyewe, mkubwa kabisa. Baadaye nikashindwa kumuua.

Na Abdillah akaniambia kwamba na yeye alikimbia kazi wiki ile ile, kwa kuwa kila akiishika ile pikipiki alikuwa anausikia ule mlio wa mfupa wangu. Akasema tangu aanze kuuza, mtu akija kununua hamtazami mfuko, anamtazama visigino. Anamkalisha kwenye kiti, na visigino vyote viwili visipogusa chini kwa mtu anayeanza, anamgeuza aende kwenye fupi, hata kama anapoteza. Siku ile ya kwanza alinijua pale pale nilipoingia nachechemea. Hakutaka kuniumbua mbele ya mtoto. Ndiyo maana alikwenda kuinamia ndoo. Mimi niliyekuwa namshuku siku zote hizo kuwa ananificha kitu, kumbe kweli alikuwa ananificha. Alikuwa ananificha mimi.

Nikanunua ya kijani, na chenji iliyobaki Odeta anayo, mhesabie mbele yangu nisipokuwepo, ha! Odeta alinuna siku mbili. Akasema nimemnunulia pikipiki ya bibi. Lakini Abdillah alikuja mwenyewe kila asubuhi kumfundisha kwenye ule uwanja wa chini ya mawe, na ujira akaukataa. Mtoto alianguka mara mbili. Mara zote mbili aliteremsha mguu, akailaza pole pole, akaiinua mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akapiga kiki. Kuanguka mara mbili na mifupa yote iko mahali pake! Kaka yako alianguka mara moja tu, na unajua gharama yake. Sasa anapanda kilima cha mawe na sanduku limefungwa kwenye keria, na jana alikwenda Kigongo akarudi na samaki, hajakwaruzika hata kiwiko.

Yeye sijamwambia kitu. Nakwambia wewe kwa sababu ndiye uliyeniandikia nimchagulie kama ya kwangu, na nilipoisoma ile barua mara ya nne niliona mguu wa mwanao kwenye hogo, na ng'ombe wa shemeji wamelala chini yake. Akifika hapo kanuna, akikuuliza mbona mjomba alimpa fupi, sema unavyotaka. Ukiona inafaa kumwambia ukweli, mwambie. Nimechoka na yule mnyama. Anakula sana.

Jana jioni aliporudi kutoka Kigongo, akasimamisha mlangoni, akasema mjomba panda nyuma nikuzungushe, au leo nayo ni Ijumaa? Ilikuwa Jumamosi. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikapanda. Tangu mwaka ule sijawahi kukaa kwenye kitu kile. Kabla hajaondoa, nikateremsha miguu yote miwili, ule mzima na huu wa kiboko. Teodora, ilifika chini. Visigino vyote. Nikakaa hivyo kidogo, yeye ananiuliza vipi mjomba, tuondoke? Nikamwambia subiri kwanza, naikagua.

Nisalimie majirani wote, na wale wanaodai nilisema viboko watatu waambie ni waongo, sijawahi kupita wawili. Odeta anapanda meli kesho na pikipiki yake, na barua hii anakuletea mwenyewe mkononi. Bahasha nimeibandika kwa ugali na nimeweka alama mahali nipajuapo mimi. Ukikuta pembe imelegea, ujue ameshaisoma njiani, usijisumbue kumsimulia. Na ya jogoo usisahau.

Wabeja sana, asante mdogo wangu.

Ni mimi kaka yako,
Ndalahwa,
mpakia marobota.