Walutheri Wasimame

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Hesabu asubuhi, kusoma baada ya mapumziko. Gereji bado inanuka oili. Jumapili ni kanisa, siku nyingine ni shule, na mabenchi nayapanga mimi peke yangu. Mwinjilisti Stefano anasema shule ya Kilutheri huanza na sala, si malalamiko. Sawa. Abebe basi hata benchi moja.

Nusu ya darasa ni watoto tuliorudi nao kutoka uhamishoni Karagwe. Nusu walikuwa hapahapa Kicukiro vita vilipopita. Hawa hawachezi.

Jumatano, 9 Novemba
Yameletwa madaftari. Hayatoshi. Mwinjilisti aliingia katikati ya somo la kuzidisha, akatangaza, "Walutheri wasimame." Alitaka hao wapate kwanza. Watoto wa Karagwe wakasimama wakicheka. Wengine wakaganda. Claudine, mmoja wao, akajikojolea, akatoka mbio. Mwinjilisti akauliza kama mtoto anaumwa tumbo.

Ubaguzi huu wa madaftari umenichefua. Hilo la Claudine silielewi.

Alhamisi, 10 Novemba
Claudine hayupo.

Ijumaa, 11 Novemba
Hayupo. Baada ya masomo nimekwenda kwa shangazi yake, nyuma ya soko. Hakunikaribisha kiti. Nilieleza habari ya madaftari, akanitazama kama mjinga. Nilikuwa mjinga kweli.

"Mwalimu, mbele ya vita walikuwa nasema darasani, Watutsi simama. Dada yake alisimama. Vita ilipoanza, walijua nyumba ya kuanzia. Huyu harudi kwenu."

Nimerudi na hasira. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekuja na nyimbo zetu na sala zetu. Nani amepona?

Jumamosi, 12 Novemba
Nimemweleza Mwinjilisti yote. Akajitetea. Eti Karagwe tulisimama kila siku, kwa sala, kwa wimbo, kwa wageni, na hakuna aliyedhurika. Nikamwambia hapa si Karagwe. Aende kwa yule shangazi kwa miguu yake, akaombe radhi. Asipokwenda, atafute mwalimu mwingine. Mkewe anasema nimemvunjia mzee heshima. Ndiyo, nimemvunjia.

Jumapili, 13 Novemba
Ibada. Sikuimba.

Jumatatu, 14 Novemba
Nimechukua kisu, nimekata madaftari yote katikati. Kila mtoto nusu. Mwinjilisti ameona. Nusu ya Claudine iko mezani kwangu. Hasira haijapoa.

Jumatano, 16 Novemba
Claudine amekuja. Shangazi amemfikisha mlangoni, akaniambia mzee alifika kwake jana. Mzee mwenyewe hakuniambia.

Mtoto amechagua benchi la mwisho, karibu na mlango. Saa nne Mwinjilisti akaingia. Watoto wakasimama kumwamkia, kama tulivyowafundisha. Claudine hakusimama. Alishika benchi kwa mikono miwili.

Mwinjilisti akamwona. Akaketi sakafuni na suti yake, akaitikia salamu akiwa hapohapo chini. Watoto wakakaa, mmoja mmoja. Nikaendelea na kuzidisha.